Nyasi Zile Zina Kazi

Ukipanda daladala la Gongo la Mboto, ukafika pale ambapo uzio wa uwanja wa ndege wa Julius Nyerere unaandamana na barabara, hutakosa abiria wa kuanzisha mjadala. Anatazama nyasi zilizotanda ndani ya uzio, anatikisa kichwa, anauliza kwa nini ardhi yote ile imelala tu wakati watu hawana pa kujenga. Wenzake wanaitikia. Kabla gari halijafika kituo kinachofuata, uwanja mzima umeshapimwa viwanja vya kuuzwa.

Maneno hayo yangekuwa ya kupitisha safari, ningeyaacha. Lakini nimeyasikia pia vikaoni, vinywani mwa watu wenye kauli juu ya ardhi, na huko ndiko yanakonitisha. Nitayajibu moja moja, nikianza na hilo la nyasi kwa sababu ndilo lililokwisha kuua watu.

Dai lenyewe ni kwamba ndege hutumia lami peke yake, kwa hiyo kilichobaki ni cha bure. Kiambatisho cha 14 cha Mkataba wa Chicago wa usafiri wa anga, ambacho ndicho msingi wa usanifu wa viwanja vya ndege duniani, hakiihesabu hivyo. Kwa njia kubwa ya kurukia inayotumia mitambo ya kuongoza utuaji, ukanda wa ardhi wa kinga hupimwa mita 140 kila upande kutoka mstari wa kati, na mita 60 kupita mwisho wa lami. Baada ya mita hizo 60 huanza eneo la usalama la mwisho wa njia. Lazima liwe na angalau mita 90, na linapendekezwa kuwa na mita 240. Hapo hapatakiwi mtaro, ukuta, kibanda wala kisiki. Kifaa ambacho hakina budi kuwekwa humo, kama taa au antena, husimikwa juu ya nguzo nyepesi ya kukatika kirahisi ikigongwa.

Sababu yake ni ya kawaida kabisa. Ndege hupitiliza. Mvua imenyesha, breki hazishiki, rubani amegusa chini akiwa amekwisha kula theluthi ya njia, au injini imeleta hitilafu wakati wa kuruka na ameamua kusimama. Ikitoka kwenye lami ikakuta ardhi iliyo sawa, mara nyingi huishia matopeni, abiria wakashuka kwa miguu yao. Ikikuta soko, ni habari nyingine.

Goma, mashariki mwa Kongo, wanaijua habari hiyo. Januari 2002 mlima Nyiragongo ulilipuka na lava ikapita katikati ya mji hadi uwanjani, ikafunika karibu theluthi ya njia ya kurukia upande wa kaskazini. Ndege ziliendelea kutumia kipande kilichobaki. Upande wa kusini, mji ulikuwa umesogea hadi kwenye uzio: maduka, nyumba, vibanda vya Birere. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege aina ya DC-9 ya Hewa Bora ilishindwa kuruka, ikavuka mwisho wa njia, ikaingia kwa watu. Walikufa takriban 40, na wengi wao hawakuwa abiria. Walikuwa wakiuza na kununua, mchana, kwenye ardhi ambayo mtu fulani aliwahi kuitazama akasema ni ya bure.

Wala tusidhani ni aibu ya nchi maskini. Desemba 29, 2024, katika uwanja wa Muan, Korea Kusini, Boeing 737 iliyokuwa imegonga ndege wa mwituni ilitua kwa tumbo, ikateleza lami iliyobaki ikatoka nje. Chini ya mita 300 kutoka mwisho wa lami palikuwa na tuta la udongo na zege lililobeba antena za kuongozea ndege. Kati ya watu 181 waliokuwemo, walinusurika wawili tu, wahudumu waliokaa mkiani. Antena zilikuwa na kazi yake. Zege ndilo halikuwa na haki ya kuwa pale. Nikiona mtu anataka kujenga ukuta imara mwishoni mwa njia ya kurukia ili kuzuia mbuzi, huwakumbuka wale 179.

Dai la pili ni ndugu wa lile la kwanza: “Ghorofa langu liko kilomita nzima kutoka uwanjani, na ndege hupita juu sana.” Kwa siku njema ni kweli. Ndege inayoshuka kwa pembe ya kawaida ya nyuzi tatu, ikiwa kilomita moja kabla ya kizingiti cha njia, ina zaidi ya mita 60 chini yake. Ila kiwango hakikupimwa kwa siku njema. Kwa njia kubwa, uso wa kinga wa upande wa kutulia huanza mita 60 kabla ya kizingiti na kupanda mita mbili tu kwa kila mita 100. Piga hesabu: kwenye kilomita moja, kimo chake ni chini ya mita 19. Ghorofa sita zimeshautoboa.

Kwa nini uwe chini namna hiyo? Geuza ndege, iwe inaruka badala ya kutua, na injini moja izimike pale pale magurudumu yanapoachana na ardhi. Ndege ya injini mbili, ili ipewe cheti, hutakiwa ionyeshe kuwa katika hali hiyo, magurudumu yakishaingizwa, inaweza kupanda angalau mita 2.4 kwa kila mita 100 za mbele. Watengeneza hesabu za safari huipunguzia tena 0.8 kwa tahadhari, ikabaki 1.6. Ndege yenye abiria 180 inajikongoja kupanda mlima mdogo kuliko mteremko wa barabara nyingi za mitaani, na mbele yake ndipo lilipo ghorofa lako.

Mwenye ghorofa hunijibu kuwa mbona miaka kumi imepita na hakuna kilichotokea. Kimetokea, ila hakuona. Kizuizi kikishasimama, shirika la ndege hulazimika kupunguza uzito ili ndege yake iweze kukivuka na injini moja: linaacha mizigo, linaacha abiria, au linapunguza mafuta na safari ya moja kwa moja inageuka kuwa ya kusimama njiani. Upande wa kutua, mamlaka huweza kukisogeza kizingiti ndani. Jengo la mita 30 lililosimama kilomita moja kutoka kizingiti, ndani ya mkondo wa kutulia, laweza kuila njia ya kutulia mita 560. Lami iko pale pale, imelipiwa, na hakuna anayeruhusiwa kutua juu yake. Uwanja wa Wilson, Nairobi, ulianzishwa wakati mji ukiwa mbali. Leo mji umeuzunguka, na kila ghorofa jipya kandokando yake linafaa kuulizwa swali hili kabla msingi haujachimbwa.

Sasa lile linalopendwa na washabiki wa majirani: kwamba Nairobi wamejenga njia ya mita 4,100 na ushee kwa majivuno, ilhali Dar es Salaam ndege zile zile zinatua kwa mita 3,000. Hili nalipenda kwa sababu hesabu yake mtu anaweza kuifanya kwa kalamu mezani.

Chukua ndege inayohitaji mita 2,500 kuruka katika usawa wa bahari, kukiwa na joto la nyuzi 15. Mwongozo wa usanifu unasema ongeza asilimia 7 kwa kila mita 300 za mwinuko, kisha asilimia 1 kwa kila nyuzi ya joto inayozidi joto la kawaida la mwinuko huo. Uwanja wa Dar es Salaam uko mita 55 tu juu ya bahari, kwa hiyo mwinuko hauongezi kitu cha maana, mita 30 hivi. Joto ndilo linalotuumiza. Tukichukua nyuzi 32, tumezidi kwa nyuzi 17 na zaidi, na jumla inafika takriban mita 2,970.

Nenda Embakasi, uliko uwanja huo wa Nairobi, mita 1,624 juu ya bahari. Mwinuko peke yake unaipeleka ndege ile ile mita 3,440 na kitu. Joto la kawaida la mwinuko huo ni nyuzi 4.4, hivyo hata mchana wa nyuzi 26, ambao mtu wa Dar angeuita baridi, umezidi kwa nyuzi zaidi ya 21. Jumla inakaribia mita 4,190. Ni hesabu ya awali, na marekebisho yakizidi asilimia 35, kama hapa, mwongozo huohuo unaagiza uchunguzi maalumu wa aina ya ndege. Lakini inatosha kuonyesha kuwa hakuna majivuno pale. Hewa ya juu ni nyepesi, na hewa ya joto ni nyepesi zaidi. Bawa halipati cha kuegemea, injini haipati cha kumeza, ndege inahitaji mbio kubwa zaidi na hivyo ardhi ndefu zaidi. Ni sababu mojawapo inayofanya safari nyingi ndefu za kutoka nyanda za juu ziondoke usiku, wakati hewa imepoa.

Wapo wanaoamini namba zilizopakwa mwanzoni mwa njia ni hesabu ya njia zilizopo, kwamba uwanja wenye 23 una njia ishirini na tatu. Hilo halihitaji maneno mengi: ni uelekeo wa dira, ukakatwa tarakimu ya mwisho. Njia kuu ya Dar ni 05 ukitazama kaskazini-mashariki, 23 ukigeuka.

Namba hizo, hata hivyo, zinatufikisha kwenye dai zito zaidi: kwamba njia ya kurukia ilazwe popote ardhi inapopatikana kwa bei nafuu. Nahodha wa jahazi angelijibu hili haraka kuliko mhandisi. Ndege huruka na kutua ikiukabili upepo, na upepo wa ubavuni ukizidi kipimo, haitui. Kiwango kinataka njia zilazwe hivi kwamba uwanja utumike angalau asilimia 95 ya wakati. Ndege kubwa huhesabiwa kuvumilia upepo wa ubavuni wa kilomita 37 kwa saa, ila ndogo, zile za njia isiyofika mita 1,200, huhesabiwa kilomita 19 tu. Tazama Unguja: njia yake ni 18/36, kusini na kaskazini, kama vile imelazwa na mtu aliyekulia kwenye misimu ya kusi na kaskazi. Dar ina njia fupi ya pili, 14/32, inayotazama kusini-mashariki, na ndege ndogo inayosukumwa na kusi ina pa kuukabili.

Anayedharau upepo aulize kisiwa cha St Helena, katika Atlantiki ya Kusini. Waingereza walitumia takriban pauni milioni 285 kujenga uwanja juu ya jabali, ufunguliwe Mei 2016. Ndege za majaribio zilipofika zilikuta upepo unaovunjika ghafla karibu na ukingo wa bonde, na safari za kawaida za abiria zikangoja hadi Oktoba 2017, tena kwa ndege ndogo kuliko iliyokusudiwa.

Juu ya njia ya pili nitasema kwa kifupi, maana wanasiasa wameipenda mno. Wanasema njia mbili ni ndege maradufu. Inategemea zimeachanaje. Ili ndege mbili zitue sambamba bila kungojana kwa kutumia mitambo, mistari ya kati yatakiwa iachane angalau mita 1,035. San Francisco njia zao sambamba zimeachana mita 229, na mawingu yakishuka utuaji hupungua karibu nusu. Gatwick, Uingereza, mwaka 2019 ilihudumia abiria zaidi ya milioni 46 kwa njia moja, hadi kuruka na kutua mara 55 kwa saa. Siri yake iko kwenye viungio, yaani barabara za kuingilia na kutokea kwenye njia: ndege ikitua inatoka haraka kwa kiungio cha mshazari, bila kusimama na kugeuka. Viwanja vyetu vingi vya mikoani ndege hutua, ikageuka, ikarudi juu ya njia ileile hadi maegesho, na nyingine angani inazunguka ikingoja. Kiungio sambamba kingefanya kazi pale kabla ya kufikiria njia ya pili.

La mwisho ndilo linalosemwa kwa uchungu, nami nalisikiliza kwa heshima: kwamba haya ni masharti ya wazungu, na maskini ndiye anayevunjiwa nyumba. Nusu ya kwanza si kweli. Mkataba wa Chicago wa 1944 leo ni wa nchi 193, zetu zikiwemo, na fomula ile ya joto na mwinuko hutufaa sisi kuliko mtu wa Amsterdam.

Nusu ya pili ni kweli, na hakuna kiwango cha mkataba huo kinachoifuta. Wakazi wa Kipawa, jirani na uwanja wa Dar, walihamishwa kupisha upanuzi wake. Wa Kipunguni walikaa miaka mingi wakingoja fidia, hawawezi kujenga, hawawezi kuuza, mpaka suala lao likafikishwa bungeni. Mhandisi anayechora eneo la usalama la mita 240 anapaswa kuziandika nyumba zile kwenye gharama za mradi tangu mchoro wa kwanza, pamoja na kokoto, lami na taa, na hela zake zilipwe kabla ya greda kuingia. Anayechelewesha malipo hayo ndiye anayemfundisha jirani yangu wa daladala kuzitazama nyasi zile kama ardhi aliyoporwa, na mtu aliyeporwa hataacha kujenga ukingoni mwa uzio kwa sababu nimemwonyesha hesabu.