Zima Tu Hiyo Kitu

"Zima tu hiyo kitu." Maneno hayo manne yamenitoa jasho kuliko mtihani wowote niliowahi kuukimbia chuoni.

Mwaka jana nilipata kazi ya mkataba mfupi: kumalizia programu ya kulipa vibarua wa mjengo kila Jumamosi. Kila tukiifanyia majaribio, inaanguka pale pale. Mdosi, mwenye digrii mbili, akaamua kwamba programu haina shida, mwenye shida ni AddressSanitizer, kifaa cha kukagua matumizi ya kumbukumbu. Tukizime, tupeleke kazi kwa mteja.

Wacha nieleze kimtaa. Programu ikitaka nafasi kwenye kumbukumbu humwomba mgawaji, na ikimaliza humrudishia. Ni kama kaunta ya mizigo pale supamaketi: unaacha begi, unapewa kibao namba 17. Sasa vuka barabara, ingia supamaketi nyingine na kibao hicho hicho. Ukiwa na bahati watakufukuza. Ukiikosa, watakupa begi la mtu mwingine, na utaenda nalo nyumbani ukidhani mambo iko sawa.

Hicho ndicho tulichokuwa tunafanya. Maktaba tuliyoitegemea ilikuja na mgawaji wake, jemalloc. Sisi tulitumia ule wa mfumo. Maktaba ikipata hitilafu, ilitupa maandishi ya kueleza kosa, nasi tukimaliza kuyasoma tunayarudisha kwa mgawaji wetu. Kaunta siyo. Na njia hiyo ya hitilafu haipitiwi kila siku. Majaribio huipitia makusudi. Bila majaribio, ingepitiwa Jumamosi moja mtandao ukipotea katikati ya malipo, nusu ya vibarua wamelipwa, nusu wako kwenye foleni na njaa zao.

Nilikaa nayo siku tatu. Dawa ikawa mistari michache tu: maandishi yarudishwe kupitia maktaba yenyewe. Aliyegawa ndiye apokee.

Najua kuna mtu ataniambia vifaa vya ukaguzi navyo hugombana na wagawaji. Ni kweli. AddressSanitizer huchukua nafasi ya mgawaji ili ione kila ombi. Ukiilazimisha jemalloc humo humo, ni mafahali wawili kwenye zizi moja, na programu inaweza kuanguka bila wewe kukosea popote. Basi jenga toleo la majaribio bila jemalloc, uendelee. Lakini hapo umetoa kitu baada ya kujua ni nani anapiga kelele, na kwa nini. Mdosi wangu hakutaka kujua. Alitaka kimya.

Na si yeye peke yake. Tumelelewa hivyo. Taa ya injini ikiwaka, dereva anaibandika stika na matatu inaendelea kubeba watu. Jaribio likianguka, tunaliita korofi, tunaliruka, tunaandika "imekamilika". Kisha anayelipa gharama ni mtu ambaye hakuwa kwenye kikao.

Nililipwa siku moja kati ya hizo tatu, na sijaitwa tena. Wanasema mimi ni mgumu. Sawa. Sikumaliza chuo, kwa hivyo labda kuna somo nililolikosa, lile la kunyamazisha king'ora na kuiita kazi. Siombi kurudi kulisoma.