Kipindi cha Michezo Kisiporwe

Mwanafunzi wa shule ya bweni huketi darasani tangu alfajiri, huketi mchana kutwa, na usiku hurudi papo hapo kudurusu. Kipindi cha michezo, ambacho kingemwondoa kitini, huporwa na hisabati mara mtihani unapokaribia.

Jambo hili si dogo. Mnamo 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha uchunguzi kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya London. Madereva, walioketi kutwa, walipatwa zaidi na maradhi ya moyo kuliko makondakta, waliopanda na kushuka ngazi za mabasi ya ghorofa. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba watoto wapunguze muda wa kuketi, na wajishughulishe kwa wastani wa dakika 60 kila siku.

Wapo wanaopendekeza meza ndefu za kufanyia kazi mtu akiwa wima. Lakini mwalimu asimamaye kutwa anajua miguu inavyouma: dawa ni kusogea, wala si kusimama tuli. Kusogea hakuhitaji fedha. Walimu wenzangu, tuwainue wanafunzi kidogo baina ya vipindi, na saa ya michezo tuiachie michezo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.