Ukimya pia una bei

Kuna hii imani kwamba mtu mkimya ni mtu wa kuweka pesa. Haendi klabu, hanunulii watu raundi, wikendi yuko kwa nyumba na simu yake. Basi lazima akaunti imenona. Hapana, wadau. Mimi ni introvati wa Kiminini, niliacha chuo nikaanza kutengeneza video, na nawaambia pesa zetu hutoka kama za wengine. Ni vile tu zinatoka kimya kimya.

Kwanza tuelewane. Introvati si lazima awe na aibu, wala hachukii watu. Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, ndiye alilieneza neno hili kwa kitabu chake cha 1921, na alikuwa anaongea kuhusu mahali nguvu za mtu zinaelekea: ndani ama nje. Kama ukikaa na watu siku nzima unafika nyumbani umeisha kama betri, unajua naongea nini.

Sasa, mtu wa hivyo hulipa ili asiongee. Sokoni, bei ya gorogoro ya maharagwe ni mazungumzo. Msalimie mama, ulizia watoto, lia kidogo kuhusu maisha, jifanye unaenda, uitwe urudi. Mwingine anapunguziwa na kuongezewa juu. Sisi tunauliza mara moja, tunatoa pesa, tunaenda. Ama tunakimbilia supamaketi Kitale, mahali bei imebandikwa. Nauli ni hivyo hivyo: badala ya kubanana kwa matatu na mzee anayetaka kujua wewe ni mtoto wa nani, unaita nduthi. Kukiwa na matanga na hutaki kukaa kwa hema mchana kutwa, unatuma mchango mnono kuliko waliohudhuria. Hiyo ni ada ya kutoonekana.

Na mimi sioni ubaya hapo. Amani pia hununuliwa. Bora ujue unanunua nini na unaweza kuilipia. Shida iko kwingine.

Zamani ukiishiwa, ilibidi umwendee mtu. Umwambie jirani, ama usimame mbele ya mwenye duka akuandike kwa kitabu. Kwa mkimya, hiyo safari ilikuwa breki. Unajiuliza mara tatu kama kweli unahitaji hiyo kitu. M-Pesa ilipokuja 2007, ikatuzoesha kutuma pesa bila kuonana. M-Shwari ikaja 2012, ukakopa kwa simu. Halafu 2019 ikaja Fuliza, na hapo hata kuomba hakuna: unalipa tu, pesa ikipungukia inajazwa, ada zinaanza kuhesabika. Siku pesa ikiingia, deni linakatwa kabla hujaigusa. Hakuna uso uliotazama. Breki imetoka.

Mtu wa watu akikopa ovyo, atajulikana. Marafiki watamcheka, mama atauliza. Mkimya anaweza kuzama mwaka mzima na mtaa wote unasema, "Huyo kijana ametulia sana." Hapo ndipo naogopea wenzangu.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanasema tukae mbali na vyama kwa sababu ni kelele. Nguvu ya chama si pesa peke yake. Ni kwamba kuna mtu atakuuliza, "Mbona mwezi huu hujaleta?" Kama kikao cha watu 20 kinakumaliza, tafuta mtu mmoja. Mimi wangu ni binamu yangu. Kila Jumapili jioni tunatumiana meseji mbili: salio na deni. Hakuna kupigiana simu, hakuna mahubiri. Dakika 2 imeisha, kila mtu anarudi kwa nyumba yake. Lakini kuanzia Jumatatu, kabla nilipe kitu, najua kuna mtu ataiona.