MASHUA KUUKUU: MIMI NASEMA TUSINUNUE

Ndugu wanachama wa ushirika wetu,

Jumamosi ijayo tunaitwa kwenye mkutano mkuu ili tuseme ndiyo au hapana juu ya ile mashua ya tanga iliyolala pale ufukweni. Nimeomba nafasi kwenye ubao huu nitoe maoni yangu mapema, maana mkutanoni mwenye sauti kubwa ndiye husikika, na mimi sauti yangu ni ndogo. Nasema wazi: tusinunue. Sababu zangu ni hizi, kila mmoja azipime mwenyewe.

Kwanza nikiri jambo moja. Wanaotaka mashua si wajinga wala si maadui wa ushirika. Vijana wetu wanavua usiku kucha katika bwawa la Mtera, na alfajiri mwenye mtumbwi anakuja na ndoo yake kuchukua nusu ya samaki. Yeye kalala, wao wamekesha. Huo ni unyonyaji, hauna jina lingine. Mwanangu mwenyewe yumo katika hao vijana, na kila siku naona anachorudi nacho nyumbani. Kwa hiyo mtu asiniambie eti sina uchungu na wavuvi. Tunahitaji chombo chetu. Ninachouliza ni kama chombo chenyewe ni kile.

Mimi sikukaa kijiweni nikasikiliza sifa. Nilikwenda na fundi seremala wetu, tukaikagua mashua chini na juu. Rangi ni mpya, inang'aa. Lakini fundi alichukua kisu akachoma ubao ulio kando ya mkuku, yaani ule uti wa mgongo wa chini, kisu kikazama mpaka mpini. Akagonga kwa nyundo: mbao za juu zikalia ngo, ngo, kama mti mzima, za chini, pale maji ya ngama yanapolala, zikalia kama boga. Mataruma matatu yamevunjika na kufungwa vipande vya pembeni. Misumari imeliwa na kutu. Tanga lina viraka kuliko nguo yenyewe.

Muuzaji anasema, "Imekaa juani tu, mkiiweka majini mbao zitafura na nyufa zitajiziba." Hapo kasema nusu ya kweli. Ni kweli mbao nzima zikikauka huachana, na zikilowa hufura zikakutana tena. Lakini ubao uliooza haufuri ukaziba. Unalainika kama ugali wa jana. Na tujue pia kwamba maji ya bwawa letu ni baridi, si ya chumvi. Chumvi huzuia mbao zisioze upesi. Maji ya mvua na ya mto huziozesha. Kwa nini basi muuzaji akakataa tuiloweke siku tatu mbele ya macho yetu? Hapo ndugu zangu tunauziwa mbuzi kwenye gunia.

Sasa hesabu. Naiweka kwa magunia ya alizeti ili kila mtu aielewe. Mfuko wetu ulikuwa na thamani ya magunia 60. Bei ya mashua ni magunia 40. Kamati imekwisha toa 5 kama kishika uchumba, bila kutuuliza, na hilo nitalirudia. Fundi anakadiria mbao, misumari, kalafati, tanga na ujira kuwa magunia 35 mengine. Kwa hiyo mashua ya magunia 40 ni mashua ya magunia 75. Mfukoni yamebaki 55. Yanayodaiwa bado ni 70. Tutakopa 15, na mbegu za kupanda mvua zikianza Desemba hazitakuwepo. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Huku Dodoma asiyepanda mvua za kwanza anajua atakula nini mwaka unaofuata.

Wapo wanaotuambia, "Mbona meli ya Liemba ni kuukuu na imefanya kazi?" Mfano mzuri, tuutazame. Meli hiyo ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, vipande vyake vikapita kwa reli hii hii ya Dodoma kwenda Ziwa Tanganyika. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha, mwaka 1924 ikatolewa majini, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Ilifufuka kwa nini? Kwa sababu ni ya chuma, mafundi waliipaka mitambo yake grisi kabla ya kuizamisha, na nyuma yake kulikuwa na serikali yenye karakana na wahandisi. Sisi tuna nini nyuma yetu? Seremala mmoja anayetengeneza vitanda, naye kasema mwenyewe kuwa mashua si kitanda.

Mfano wetu sisi uko karibu zaidi, uko Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walikuja kulima karanga kwa mamilioni ya ekari. Wakanunua trekta kuukuu za jeshi, zilizobaki baada ya vita kule Ufilipino. Zilionekana rahisi. Kabla mwaka wa kwanza haujaisha nyingi zilikuwa zimesimama, vipuri hakuna, na ardhi yetu wakati wa kiangazi ni ngumu kama sakafu. Januari 1951 mpango ukaachwa, na pauni zaidi ya milioni 35 zikawa zimepotea. Serikali ya Uingereza iliweza kupoteza na ikaendelea kuishi. Ushirika wetu ukipoteza magunia 75 utakufa.

Halafu tulitazame bwawa lenyewe. Mtera lilijengwa kwa ajili ya umeme, halikujengwa kwa ajili ya mashua. Likijaa kabisa maji hufika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na yanaweza kuteremshwa hadi mita 690 ili kuendesha mitambo. Tofauti hiyo ni mita nane na nusu, na ufuko wetu ni tambarare, kwa hiyo maji yakishuka kidogo yanarudi nyuma mbali sana. Wazee mnakumbuka ukame wa mwaka 2006, nchi nzima ikawa kwenye mgao wa umeme. Mtumbwi mwepesi vijana sita wanaubeba kuyafuata maji. Mashua ile yenye mkuku mrefu nani ataibeba? Itabaki kwenye tope lililokauka, jua litaipasua, na tutaanza upya kununua kalafati. Na chini ya maji kuna visiki vya miti iliyozama bwawa lilipojaa. Mbao nzima inagonga kisiki ikapona. Mbao iliyooza haiponi.

Upepo wa mchana wakati wa kiangazi mnaujua. Chombo kikivuja katikati ya bwawa, mmoja anafua maji, mwingine anashika tanga, na wa tatu anaomba Mungu. Viboko na mamba hawaombi leseni. Sitaki siku moja tusimame ufukweni tukihesabu waliorudi.

Basi tufanye nini? Kupinga tu si kazi. Napendekeza hivi:

1. Kishika uchumba tukidai kirudi. Kisiporudi, heri kupoteza magunia 5 kuliko kuyafuata na mengine 70. Mtu aliyeingiza mguu kwenye shimo hautii na wa pili ili usione upweke.

2. Kwa 55 yaliyobaki, tutenge 20 ya mbegu, yasiguswe na mtu. Tutumie 25 kuunda mtumbwi mmoja mpya wa mbao, ambao fundi wetu anaumudu. Yanayobaki 10 yawe ya nyavu halali, leseni, na maboya ya kuvaa kwa kila anayeingia majini. Mwakani, mapato ya mtumbwi wa kwanza yazae wa pili.

3. Kama wengi bado wanaitaka mashua, iwe kwa masharti: ilowekwe majini siku tatu, ikaguliwe na fundi wa vyombo anayejua kazi na afisa uvuvi awepo, na muuzaji aandike kwa mkono wake kwamba fidia ni juu yake. Akikataa, jibu tumepata.

4. Kamati isitoe tena hata senti ya mfuko bila mkutano. Na suala la kukopa lina sheria: ukomo wa madeni unapangwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na Mrajis wa Vyama vya Ushirika. Haupangwi na watu watatu kwenye kilabu cha pombe.

Najua kesho nitaambiwa mwoga, na kwamba narudisha maendeleo nyuma. Sawa. Lakini kila atakayenyoosha mkono Jumamosi kusema ndiyo, na ajiulize kwanza jambo moja: je, mwanangu nitampandisha humo? Mimi nimejiuliza. Wa kwangu simpandishi, na wa kwako pia sitaki apande.

Tufike wote, akina mama na akina baba, wazee na vijana. Fedha ni yetu na watoto ni wetu.

Ni mimi mwanachama mwenzenu.