Bunduki ya Shamba Isichaguliwe kwa Fahari

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo ilikusudiwa kumsuta mvivu atafutaye kisingizio cha kukaa kivulini, na kwa mvivu huyo inafaa sana. Lakini wapo watu walioichukua methali hiyo na kuipeleka mahali pasipo pake. Hao hudhani kwamba hata bunduki ya kulinda mazao ni bunduki tu, kwamba yoyote ipatikanayo itatosha, na kwamba aulizaye aina yake, risasi zake na mikono itakayoishika anapoteza wakati wa ofisi. Dhana hiyo ni potofu, na anayeilipia si ofisa aliyeketi mezani bali ni mkulima aliyelala shambani.

Bonde la Msangano, katika Wilaya ya Momba, mkoani Songwe, ni nchi ya mpunga, ufuta, mahindi na mtama. Wilaya hiyo ilianzishwa mwaka 2012 na mkoa wenyewe mwaka 2016, lakini jembe lilikuwako Msangano kabla ya wilaya na mkoa, na adui wa jembe alikuwako vilevile. Adui huyo ni nguruwe mwitu, ambaye huingia shambani usiku na kufukua kuliko anavyokula. Ni ngiri na nyani, ambao huja mchana kweupe. Nyani huweka mlinzi juu ya mti, humtambua mwenye fimbo na mwenye silaha, na hurudi mara tu mlinzi anapokwenda kunywa maji.

Kila mtumishi aliyefanya kazi vijijini anajua jinsi vita hiyo inavyopiganwa. Hujengwa dungu katikati ya shamba, na juu ya dungu huketi mtu wa kuamia, mwenye kopo la kugonga, kombeo na sauti yake. Aghalabu mtu huyo ni mtoto. Mwalimu aitaye majina asubuhi wakati mazao yanapokomaa haulizi tena kwa nini madawati yako matupu, kwa maana jibu analiona juu ya madungu akiwa njiani kwenda shuleni. Basi suala la bunduki ya shamba si la wawindaji peke yao. Ni suala la chakula, la ada, na la mtoto ambaye hujifunza kuhesabu nyani badala ya kujifunza hesabu.

Pale ambapo zana halali haipatikani, watu hawakai bure. Hutafuta zana isiyo halali. Ya kwanza ni gobole, bunduki ya kienyeji iliyofuliwa kwa bomba la chuma na kushindiliwa baruti na vipande vya vyuma kwa mdomo wa mtutu. Gobole halina namba, halina leseni na halina hakika: mara halilii, mara hupasukia usoni mwa mpigaji. Ya pili ni sumu. Mtu hutia sumu kwenye chakula akimkusudia nguruwe, na kesho yake hukuta amemuua mbwa wa jirani, fisi na tumbusi waliokula mzoga, na amehatarisha maisha ya watoto wake mwenyewe. Ya tatu ni mtego wa waya, ambao haumchagui mnyama na humwacha akifa kwa siku kadhaa. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inakataza sumu na mitego ya namna hiyo, na inafanya vyema. Lakini sheria inayokataza njia mbaya inadai watumishi watakaoonyesha njia njema. Kukataza peke yake si uongozi.

Wakati huohuo bunduki halali zipo, ila zimekwenda kwingine. Maombi ya leseni huanzia kijijini kisha hupanda ofisi baada ya ofisi, na katika safari hiyo mkulima asiye na nauli huchoka mapema, ilhali mwenye duka na mwenye magari hufika mwisho. Matokeo yake ni kwamba silaha iliyofaa kulinda mpunga hulinda sanduku la fedha mjini, au huning'inia ukutani ili wageni waione. Na mtu wa namna hiyo, anapochagua, huchagua kwa fahari: hutaka bunduki ifyatuayo risasi nyingi mfululizo, au ile ya risasi moja ipigayo mbali, yenye darubini juu yake. Kisha watu huambiwa kwamba hiyo ndiyo bunduki bora. Bora kwa kazi gani?

Yafaa jambo hili lielezwe waziwazi, kwa kuwa wanaoidhinisha ununuzi mara nyingi hawajapata kuishika silaha yenyewe. Risasi ya bunduki kubwa ya kuwindia yaweza kusafiri kilomita 3 na zaidi. Katika bonde lenye nyumba, njia za shule na wachungaji, kuipiga risasi hiyo kwa nyani aliye juu ya mti ni kuituma kwa mtu asiyejulikana. Bunduki ya marisau, ile ambayo wengi huiita shotigani, kazi yake ni ya karibu. Marisau madogo hupoteza nguvu upesi, na yakipita mita 40 hayategemewi kuua. Wenye fahari huona huo kuwa udhaifu. Kwa shamba lililo jirani na makazi, huo ndio ubora wake mkubwa, ingawa hata bunduki hiyo haipigwi kuelekea nyumba wala njia.

Namba za bunduki hizo nazo huwapotosha watu. Namba haipimi ukubwa kama wengi wadhanivyo. Ni hesabu ya goroli za madini ya risasi, kila moja ikitoshea mtutu barabara, ambazo zikikusanywa pamoja hupata uzito wa ratili moja. Kwa hiyo namba 12, ambayo kipenyo cha mtutu wake ni karibu milimita 18.5, ni pana kuliko namba 20, ambayo ni karibu milimita 15.6. Kijiji kinafaa kichague namba 12, si kwa sababu inatisha, bali kwa sababu ndiyo iliyoenea na risasi zake ndizo zipatikanazo kwa urahisi. Bunduki nzuri isiyo na risasi dukani ni mpini usio na jembe.

Baada ya namba, umbo. Bunduki ya kukunja, yenye mtutu mmoja au miwili, inaizidi ile ya kujaza risasi nyingi. Ikikunjwa, kila aliye karibu huona kama ina risasi au haina. Vyuma vyake ni vichache, na vumbi la kiangazi na tope la masika haviizuii kwa urahisi. Mtutu wa pili hutoa nafasi ya kummaliza mnyama aliyejeruhiwa, na risasi mbili zamtosha mtu aliyefunzwa. Asiyefunzwa hata kumi hazitamtosha. Kitako nacho kilingane na bega la mpigaji, kwani bunduki isiyomkaa mtu humpiga yeye kabla ya kumpiga nguruwe.

Jambo linalosahauliwa kuliko yote ni risasi yenyewe. Marisau madogo yafaayo kwa kanga na kwale hayamuui nguruwe mwitu. Humtia majeraha, naye hukimbilia kichakani ambako humngoja amfuataye. Nguruwe huhitaji marisau makubwa, ambayo katika risasi moja ya namba 12 huwa takriban tisa, tena kwa umbali usiozidi mita 30, au risasi moja nzima iliyotengenezwa kwa mtutu wa namna hiyo. Tena kuna urefu wa risasi: bunduki nyingi za zamani zilitengenezewa risasi ya milimita 65, na kuzipiga kwa risasi ya milimita 70 ni kuuweka uhai wa mpigaji rehani. Kando ya mito na mabwawa kuna jambo jingine la kuangaliwa. Marisau ya madini ya risasi yakizama matopeni humezwa na mabata na kuwaua kwa sumu, na mkataba wa kuhifadhi ndege wa majini wahamao, ambao Tanzania ni mwanachama wake, unataka yaachwe katika ardhi oevu. Badala yake hutumika marisau ya chuma, lakini hayo nayo yasipigwe kwa mtutu wa zamani usiotengenezwa kwa ajili yake.

Ni lazima vilevile isemwe kile ambacho bunduki hiyo haiwezi. Haiwezi kweleakwelea. Ndege huyo mmoja hula karibu gramu 10 za nafaka kwa siku, hivyo kundi la ndege milioni moja humaliza tani 10 kwa siku. Kuwapiga marisau ni kupoteza baruti. Hao hutakiwa ndege za kunyunyizia dawa kutoka Wizara ya Kilimo, na kuitwa kwake kusingoje mpunga uishe. Bunduki hiyo haiwezi panya wa ghalani. Wala isielekezwe kwa tembo, kiboko au nyati, ambao ni kazi ya askari wa wanyamapori wenye silaha na mafunzo yao. Mtu asemaye kwamba bunduki moja itamaliza kila balaa ni mchuuzi, si mshauri.

Wapo watakaosema kwamba kupeleka bunduki vijijini ni kuwapa majangili silaha. Hoja hiyo inastahili jibu, kwa sababu hifadhi ya wanyamapori ni ahadi ya taifa, iliyotamkwa na Mwalimu Nyerere mjini Arusha mwaka 1961. Lakini wenye hoja hiyo husahau kwamba bunduki tayari zimo vijijini. Serikali ilipotoa msamaha mwaka 2022 kwa wenye kusalimisha silaha haramu kwa hiari, ilikuwa ikikiri jambo ambalo kila mwanakijiji analijua: magobole yapo, yamefichwa darini na vichakani. Gobole lililofichwa halina daftari. Bunduki ya kijiji, yenye namba, leseni na hesabu ya kila risasi, ina macho mengi juu yake. Jangili haombi silaha ya namna hiyo, kwa kuwa haimfai.

Tena historia ya nchi hii ina onyo kwa wale wapendao kukataza bila kusaidia. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya kudhibiti uwindaji katika koloni la Wajerumani. Mzungu mwenye fedha aliendelea kuwinda kwa leseni, na mkulima mwenye shamba akabanwa. Wanahistoria walioichunguza Uzaramo katika miaka iliyotangulia Vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905, wameeleza jinsi nguruwe mwitu walivyoharibu mazao huku wanaume wakichukuliwa kazi za mashamba ya wengine na uwindaji ukizuiwa, na jinsi njaa na uchungu huo vilivyoingia katika chanzo cha vita. Mkoloni alimthamini mnyama na kumdharau mtu. Haifai hata kidogo mtumishi wa nchi huru arithi kasumba hiyo kwa sababu tu faili limejaa mezani pake.

Wapo pia watakaojibu kwamba kuna kifuta jasho, kilichowekewa kanuni mwaka 2011. Ni kweli, na aliyeumizwa astahili kukipata mapema. Lakini jina lenyewe linajieleza: kufuta jasho si kulipa mavuno. Kwani jasho lifutwe wakati mpunga ungeweza kuokolewa?

Basi lifanyike nini? Kwanza, halmashauri inunue bunduki za kukunja za namba 12 kwa ajili ya kata zinazosumbuliwa, zimilikiwe kwa leseni ya taasisi chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na zisiwe mali ya mtu binafsi. Pili, zishikwe na askari wanyamapori wa vijiji waliofunzwa, wanaume kwa wanawake, waliochaguliwa na mkutano wa kijiji mbele ya watu. Tatu, silaha ilale katika sanduku la chuma lenye kufuli mbili na funguo mbili kwa watu wawili, na risasi zitolewe kwa hesabu. Kila ganda lirudi, na penye ganda pawe na maelezo ya mnyama, mahali na siku. Sheria inatambua kuua mnyama kwa kulinda uhai na mali, nayo inataka taarifa itolewe. Daftari hilo ndilo litakalotenganisha ulinzi na ujangili. Pasipo na mtu wa kuliandika vizuri, mwalimu yupo.

Hayo hayahitaji utaalamu wa kigeni wala mikutano ya hotelini. Yanahitaji ofisa atakayesoma ombi la kijiji siku linapofika, atakayeuliza maswali yanayohusu kazi, na atakayetia sahihi au kukataa kwa sababu zilizoandikwa. Nguruwe mwitu huhitaji usiku mmoja tu. Barua ikikaa mwezi mzima bila jibu, imekwisha kujibu: imemjibu nguruwe.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na adhabu ya shamba lililofukuliwa huijua aliyelilima. Mtumishi hawezi kulala juu ya dungu kwa niaba ya mkulima wa Msangano, wala haombwi kufanya hivyo. Anaombwa achague zana kwa akili na kuikabidhi kwa mikono safi, ili aliye juu ya dungu ashuke, na kama ni mtoto, ashuke aende shule.