Funzo la India: Amani Haiji kwa Kutenganishwa

Kila wananchi wanapodai haki, hutokea viongozi wenye dawa moja tu: watu watenganishwe. Hawa wakae huku, wale waende kule, na amani itakuja yenyewe. Sisi tunaopigania mageuzi hatuna budi kuikumbuka nchi iliyoinywa dawa hiyo hadi tone la mwisho, yaani India ya mwaka 1947.

Katika jimbo la Punjab, Waislamu, Wahindu na Masingasinga walikuwa wameishi pamoja kwa karne nyingi, lugha yao moja na soko lao moja. Tofauti zilikuwepo, na hofu ya Waislamu kwamba wangemezwa na walio wengi haikuwa ya kubuniwa. Lakini mwaka 1909 serikali ya kikoloni iliitibu hofu hiyo kwa sumu: ilitunga sheria iliyowatengea Waislamu viti vyao na wapiga kura wao. Tangu hapo mwanasiasa hakuhitaji kura ya jirani wa dini nyingine. Ilimtosha kuwatisha watu wake. Matunda yalionekana mjini Calcutta kuanzia tarehe 16 Agosti 1946, maelfu walipouawa kwa siku chache.

Uingereza ilikuwa imeahidi kuondoka ifikapo Juni 1948, ikaharakisha hadi Agosti 1947. Kazi ya kuchora mpaka ilikabidhiwa mwanasheria wa London, Cyril Radcliffe, ambaye hakuwa amewahi kukanyaga India. Alipewa wiki tano kuyagawanya majimbo ya Punjab na Bengal. Pakistan ilizaliwa tarehe 14 Agosti, India ikawa huru tarehe 15, na mpaka ukatangazwa tarehe 17. Watu walipandisha bendera bila kujua wamo katika nchi gani. Sisi wanasheria twalitazama jambo hilo kwa uchungu: hati ilikuwa halali, lakini mkulima wa Punjab hakuulizwa.

Kilichofuata kinajulikana. Misafara ya watu wa miguu na mikokoteni ilitanda maili nyingi. Magarimoshi yaliingia Lahore na Amritsar yakiwa yamejaa maiti. Wanawake kwa makumi ya maelfu walitekwa nyara. Waliohama wanakisiwa kuwa kati ya milioni 12 na milioni 15. Waliokufa, kati ya laki 2 na milioni 2.

Je, amani ilipatikana? Kabla mwaka huo haujaisha, India na Pakistan zilikuwa vitani kwa ajili ya Kashmir. Mwaka 1971 Pakistan yenyewe ilipasuka, Bangladesh ikazaliwa kwa damu, ingawa walio wengi pande zote mbili walikuwa Waislamu. Naye Gandhi, aliyefunga kula Calcutta mnamo Septemba 1947 hadi ghasia zikatulia, aliuawa tarehe 30 Januari 1948 na Mhindu mwenzake. Ni dhahiri, basi, kwamba ugonjwa haukuwa imani ya mtu. Ugonjwa ulikuwa siasa ya kuigeuza imani kuwa kura, na kura kuwa panga.

Asidhani mtu kwamba haya ni ya ng'ambo. Katika uchaguzi wa mwaka 1952 wakoloni waligawa viti vya Waasia wa Kenya kuwa vya Waislamu na vya wasio Waislamu. Mwaka 1991, tulipodai vyama vingi, wakubwa walihubiri majimbo kwa maana ya kuwafukuza "wageni", na moto ukawaka Bonde la Ufa. Likoni iliwaka mwaka 1997. Baada ya uchaguzi wa 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa.

Katiba ya mwaka 2010 imelifunga tundu hilo kwa maandishi: Kifungu cha 8 chakataa dini ya taifa, na Kifungu cha 91 chakataza chama kujengwa juu ya dini au kabila. Lakini karatasi haizuii panga. Wajibu huo ni wetu, makanisani na mikutanoni. Anaposimama kiongozi, hata awe wa dini yetu au wa kabila letu, akatuhesabu kwa imani au kwa ukoo, tumuulize mbele ya umati: mpaka huo utachorwa na nani, nao utapita katika nyumba ya nani? Akishindwa kujibu, tumnyime kura.