Mtaala mpya wa hesabu: Taita Taveta tupime sasa, tusingoje 2028

Nyumbani kwangu hapa Voi kuna meza moja ya kusomea na watoto wawili wa shule ya upili. Kaka yuko Kidato cha Tatu, dadake yuko Gredi ya 10. Juzi jirani alipita jioni akawakuta wameinamia hesabu, akaniuliza: "Jirani, huu mtaala mpya unawasaidia kweli, ama ni majina tu yamebadilishwa?" Nilimjibu kwa maneno mengi. Alipoondoka nikatambua kwamba sikuwa nimemjibu.

Swali lake ni la kila mzazi, kuanzia Kasigau hadi Taveta. Watoto wa kwanza wa mtaala wa umilisi, CBC, walianza Gredi ya 1 mwaka 2017 na wameingia sekondari pevu Januari 2026. Mfumo wa 8-4-4, tulio nao tangu 1985, utafanya KCSE yake ya mwisho mwaka 2027. Kuhusu hisabati, kulikuwa na mpango wa kuifanya somo la hiari katika sekondari pevu. Wananchi walipiga kelele, na Aprili 2025 Waziri wa Elimu Julius Ogamba akatangaza kwamba kila mwanafunzi ataisoma: hisabati nzito kwa walio katika mkondo wa sayansi na teknolojia, na nyepesi zaidi kwa walio katika mikondo ya sayansi ya jamii na ya sanaa na michezo.

Wengi wanasema tungoje matokeo ya Gredi ya 12 mwaka 2028 ndipo tuhukumu. Mimi naona matokeo hayo peke yake hayatatuambia kitu, na nina sababu tatu.

Kwanza, vipimo ni tofauti. KCSE inatoa gredi kuanzia A hadi E. Mtihani wa Gredi ya 9, KJSEA, una viwango vinane, na asilimia 40 ya alama za mwisho hutokana na mtihani wa Gredi ya 6 na tathmini zinazofanywa shuleni. Huwezi kupima kitambaa kimoja kwa yadi na kingine kwa mita, kisha ukatangaza kipi kirefu bila kubadilisha vipimo.

Pili, hata kipimo kimoja huweza kusogezwa. Mwaka 2022 watahiniwa 173,345 wa KCSE walipata C+ na zaidi. Mwaka 2023 walikuwa 201,133. Tulishangilia, lakini mwaka huo ndio Baraza la Mitihani lilibadilisha namna ya kujumlisha alama: hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano aliyofanya vizuri zaidi mtahiniwa. Ni wangapi walipanda kwa sababu wamejua zaidi, na wangapi kwa sababu ya hesabu mpya ya alama? Idadi hiyo pekee haisemi.

Tatu, kuna mchujo. Waliokwenda mkondo wa sayansi wengi wao ni wale ambao hesabu tayari ziliwakubali. Wakifaulu hisabati nzito, tutausifu mtaala kwa kazi iliyofanyika kabla hawajafika kwake. Na wale wa hisabati nyepesi, ambao ndio nina wasiwasi nao, hakuna atakayewauliza.

Basi tufanyeje? Kalenda imetupa nafasi moja ambayo haitarudi. Kidato cha Tatu cha mwaka huu ndicho darasa la mwisho la 8-4-4. Ifikapo Novemba watakuwa wamesoma miaka 11. Novemba 2027, Gredi ya 11 nao watakuwa wamesoma miaka 11. Makundi haya mawili yamepishana mwaka mmoja tu, na yote yalifungiwa shule wakati wa korona mwaka 2020.

Tutunge karatasi moja fupi yenye mambo ambayo mitaala yote miwili inafundisha. Karati tano za kito ni gramu moja: kito cha gramu 3.4 ni karati ngapi, na bei yake ni ngapi kwa karati fulani? Mkopo wa chama wenye riba ya asilimia 10 utalipwa kiasi gani? Shamba lenye pembe tatu lina ukubwa gani? Grafu hii ya mvua inasema nini? Kidato cha Tatu waifanye Novemba hii, karatasi zikusanywe zote zifungiwe. Mwaka ujao Gredi ya 11 waifanye hiyo hiyo, wa mikondo yote mitatu, bila kuacha hata mmoja.

Jambo hili si geni. Uwezo walipita nyumba kwa nyumba nchini tangu 2009 wakiwapa watoto wa umri tofauti jaribio lile lile la kiwango cha darasa la pili, na ndivyo tulivyojua kwamba wengi wa darasa la tatu hawakuliweza.

Najua atakayesema kwamba tofauti ikionekana huenda si ya mtaala, bali ya uhaba wa walimu au vitabu vilivyochelewa. Ni kweli. Kwa hiyo kila shule iandike pia idadi ya walimu wa hisabati, ukubwa wa darasa na siku vitabu vilipofika. Na majina ya shule yasitangazwe, maana siku tutakapoanza kupanga nani wa kwanza na nani wa mkia, ndiyo siku karatasi itakapovuja.

Shule za upili ziko chini ya serikali kuu, lakini hakuna sheria inayowakataza walimu wakuu wa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta kukubaliana. Chuo Kikuu cha Taita Taveta kiko hapa hapa. Wahadhiri wake wanaweza kutunga na kusahihisha. Gharama ni karatasi na siku chache za kazi.

Binti yangu atamaliza 2028. Ikiwa hisabati aliyopewa haimtoshi, ni afadhali tujue akiwa Gredi ya 11, bado kuna mwaka wa kurekebisha, kuliko kuambiwa akiwa mlangoni mwa chuo. Walimu wakuu, Novemba si mbali.